Manyoya au Nyuzi, Gesi au Mafuta: Kuchagua Vifaa vya Kambi kwa Namna Vinavyoshindwa Kazi

Karatasi inayoambatana na kifaa kipya cha kambi hueleza mambo ambayo kifaa hicho kinaweza kuyafanya siku ambayo kila kitu kinakwenda sawa: uzito wake ni gramu ngapi, kinachemsha lita moja ya maji kwa dakika ngapi, kinamkinga mtu na baridi ya kiasi gani. Haielezi kitakavyokuwa saa nane za usiku baada ya mvua ya siku mbili, wala kama mwenye nacho ataweza kukitengeneza kwa vidole vilivyokufa ganzi. Ulinganisho huu unaegemea upande huo wa pili. Kila kifaa kinaulizwa kinashindwaje, kama hutoa dalili kabla ya kushindwa, na kama palepale kambini kuna la kufanya. Kwa uzoefu wangu, majibu ya maswali hayo humsaidia msafiri kuchagua kuliko tofauti ya gramu mia moja.

Mfuko wa kulalia: manyoya ya bata au nyuzi za poliesta

Joto la usiku hutoka mwilini. Kazi ya mfuko wa kulalia ni kuizuia hewa iliyokwisha kupata joto isiondoke, na kinachoizuia ni uvimbe wa kile kilichojazwa ndani yake. Katika jambo hili manyoya laini ya bata na bata bukini hayajapata mshindani wa kweli kwa uzito uleule. Ubora wake hupimwa kwa inchi za ujazo zinazojazwa na aunsi moja ya manyoya, yaani takriban gramu 28. Manyoya ya kawaida huwa na kipimo cha 550 hadi 650, na yaliyo bora hufika 800 au 900. Namba hiyo haimaanishi kwamba mfuko wa 800 una joto kuliko wa 600, bali kwamba unahitaji manyoya machache zaidi kulifikia joto lilelile. Wanunuzi wengi huyachanganya mambo haya mawili, na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha.

Udhaifu wa manyoya ni mmoja, nao ni mkubwa: maji. Yakilowa hushikana na kuwa madonge, uvimbe hupotea, na kuyakausha huhitaji saa nyingi za jua au mashine yenye joto la chini, vitu ambavyo mtu aliye katikati ya msitu wenye mvua hana. Wala si lazima mfuko utumbukie mtoni. Jasho la usiku na mvuke wa pumzi huingia kidogo kidogo, kiasi kwamba katika safari ndefu ya baridi mfuko uliokuwa umevimba vizuri usiku wa kwanza huendelea kusinyaa kila siku inayopita. Manyoya yaliyotiwa dawa ya kukataa maji huichelewesha hali hii, hayaiondoi.

Nyuzi za poliesta hushindwa kwa njia iliyo kinyume. Kwa joto lilelile mfuko wake huwa mzito zaidi na huchukua nafasi kubwa kwenye begi, lakini ukilowa hubaki na sehemu ya uvimbe wake, unaweza kukamuliwa, na hukauka mapema. Kinachoumaliza ni kubanwa. Kila unaposhindiliwa kwenye gunia lake, baadhi ya nyuzi hukunjika zisirudi tena, hivyo baada ya miaka kadhaa ya matumizi mfuko huwa haufikii tena joto lililoandikwa kwenye lebo yake. Manyoya yaliyotunzwa vizuri hudumu muda mrefu zaidi, jambo ambalo anayetazama uzito peke yake hulisahau.

Anayekwenda mahali pa baridi kavu, au anayebeba mzigo wake mwenyewe kwa siku nyingi, achague manyoya na akubali kuyalinda: yawekwe ndani ya gunia lisilopitisha maji kila yanapobebwa, na mfuko ugeuzwe ndani nje na kuanikwa juani wakati wa mapumziko ya mchana, hata kwa nusu saa. Pua na mdomo vibaki nje usiku, maana kujifunika kichwa na kupumulia ndani huleta joto la saa moja na unyevu wa usiku kucha. Anayekwenda kwenye mvua za kudumu, anayesafiri kwa mtumbwi, au anayemwandalia mtoto mdogo, achague poliesta bila kuona haya. Mfuko wa aina yoyote usihifadhiwe nyumbani ukiwa umeshindiliwa. Uachwe umelegea ndani ya gunia kubwa au utundikwe. Mfuko wa manyoya hufuliwa kwa sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya manyoya, kisha hukaushwa taratibu mpaka madonge yote yaachane, hata kama kitambaa cha nje kimekwisha kuonekana kikavu.

Kuhusu lebo, kipimo cha Ulaya EN 13537 kilitoka mwaka 2002, na mwaka 2016 kikafuatwa na kipimo cha kimataifa ISO 23537. Lebo inayofuata vipimo hivyo hutaja viwango vya joto vitatu: cha starehe, cha ukomo na cha hatari. Cha kununulia ni kile cha starehe. Kile cha hatari kinahusu kunusurika kwa saa chache huku mwili ukipoteza joto, nacho ndicho ambacho baadhi ya matangazo hukiandika kwa herufi kubwa. Vipimo hivyo pia huchukulia kwamba mtu amevaa nguo za ndani ndefu na amelala juu ya mkeka unaozuia baridi, jambo linalotupeleka kwenye jozi inayofuata.

Mkeka wa sponji au godoro la kujaza hewa

Mfuko ulio bora kuliko yote hauwezi kumwokoa mtu aliyelala juu ya ardhi tupu, kwa sababu sehemu iliyo chini ya mwili hubanwa na uzito na kupoteza uvimbe wake. Upande huo hulindwa na mkeka. Uwezo wake huonyeshwa kwa kipimo cha R, ambacho kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo joto linavyozuiwa zaidi, na tangu kuchapishwa kwa utaratibu wa upimaji wa ASTM F3340 mwaka 2018, namba za watengenezaji wanaoufuata zinaweza kulinganishwa kwa haki. Mkeka wa sponji ngumu huwa karibu na 2. Godoro la hewa lisilo na kitu ndani huweza kuwa 1 tu, ilhali lenye tabaka za kuzuia joto hufika 6 au 7.

Sponji haina namna ya kupasuka. Hupungua unene polepole kwa miaka, na hata ikikatwa na kisu hubaki kuwa mkeka. Tena inaweza kutandikwa juu ya mawe wakati wa kupumzika mchana, jambo ambalo mwenye godoro la hewa halithubutu. Godoro hukunjwa likawa dogo na humfaa zaidi anayelala kwa ubavu au mwenye maumivu ya nyonga, lakini mwiba mmoja hutosha kumlaza chini. Tundu hutafutwa kwa kulizamisha godoro majini au kulipaka maji ya sabuni na kutazama mapovu. Mahali pake hufutwa kwa spiriti, hukaushwa, kisha hubandikwa kiraka. Kazi hiyo ni nyepesi mchana na ni adha tupu usiku, kwa hiyo godoro lijazwe mapema jioni, wakati bado kuna mwanga wa kugundua kasoro.

Lakini si kila godoro linalolegea limetoboka. Hewa ya pumzi huingia ikiwa na joto la mwili, na inapopoa husinyaa. Jawabu ni kuongeza hewa kidogo muda mfupi kabla ya kulala. Afadhali zaidi ni kutumia gunia la kujazia badala ya mdomo, kwani pumzi hupeleka unyevu ndani, na unyevu huo huweza kuotesha ukungu au kuganda kwenye baridi kali. Kinyume chake, godoro lililojazwa likakaza halafu likaachwa juani huvimba mpaka kuta zake za ndani zikaachana, na uharibifu huo hautengenezeki kambini.

Vipimo vya R hujumlishwa: mkeka wa 2 chini ya godoro la 4 hutoa 6. Kwa sababu hiyo, mahali ambapo ardhi imeganda ningebeba vyote viwili, sponji ikiwa chini ili ilinde godoro dhidi ya miiba na pia iwepo endapo godoro litatoboka. Katika msimu wa joto sponji peke yake inatosha kwa mtu asiye na matatizo ya mgongo.

Jiko: gesi, mafuta yenye pampu, au spiriti

Hapa ndipo uamuzi hufanywa kwa pupa zaidi, kwa sababu majiko yote huonekana sawa yanapojaribiwa barazani.

Jiko la kopo la gesi huwashwa kwa kufungua koki na kupiga kiberiti. Halina pampu wala masizi, na moto wake hupunguzwa kwa urahisi. Tatizo lake ni baridi, na sababu yake inafaa kueleweka. Gesi iliyo ndani ya kopo ni kimiminika kinachopaswa kugeuka mvuke ndipo kitoke. Kwa shinikizo la usawa wa bahari, butani huchemka kwenye nyuzijoto 0.5 chini ya sifuri, isobutani kwenye takriban 12 chini ya sifuri, na propani kwenye takriban 42 chini ya sifuri. Kopo la butani tupu huanza kusuasua hata kabla ya hewa kufika sifuri, kwa sababu ugeukaji wenyewe hulipoza kopo jiko linapowaka. Mchanganyiko wa isobutani na propani hustahimili zaidi, lakini propani hutangulia kutoka, na kopo lililofanya kazi vizuri siku ya kwanza huanza kushindwa likiwa limebaki nusu. Dalili yake ni moto unaosinyaa ilhali ukilitikisa kopo unasikia kimiminika ndani.

Tiba zipo. Kopo lilazwe ndani ya mfuko wa kulalia usiku, na wakati wa kupika likalishwe kwenye sahani yenye maji, kwani hata maji ya baridi ambayo hayajaganda huwa na joto kuliko kopo linalotoa mvuke. Majiko yenye mrija unaopita kwenye moto huruhusu kopo kupinduliwa ili kimiminika chenyewe kitoke na kugeukia mvuke mrijani. Jiko lisilo na mrija huo lisipinduliwe kamwe, maana litarusha ndimi za moto. Wala jiko linalokaa juu ya kopo lisizungushiwe kinga ya upepo pande zote. Joto litarudi kwenye kopo, na kopo lililopata joto kupita kiasi hulipuka. Kinga iwe upande unakotoka upepo tu, na mkono ukiligusa kopo ulione ni baridi au vuguvugu. Kiasi kilichobaki hujulikana kwa mzani, au kwa kulielesha kopo kwenye maji na kulilinganisha na lililojaa.

Jiko la mafuta yenye pampu ni kizazi cha jiko la Primus, ambalo Frans Wilhelm Lindqvist alilibuni Uswidi mwaka 1892, na kanuni yake ni ileile hadi leo: shinikizo hutoka kwa mkono wa mtumiaji, mafuta hupita kwenye mrija wa moto na kutoka yakiwa mvuke. Kwa kuwa shinikizo halitegemei joto la hewa, jiko hili hufanya kazi penye baridi kali ambapo gesi imekata tamaa. Gharama yake ni utaratibu. Lazima lipashwe kwanza kwa mafuta machache yanayowaka wazi, na katika hatua hiyo moto huweza kuruka juu, kwa hiyo liwashwe nje, mbali na nguo na kitambaa cha hema. Petroli iliyosafishwa kwa ajili ya majiko huwaka safi zaidi. Mafuta ya taa hutoa moshi na hukawia kushika, ingawa ni salama zaidi kuyabeba. Petroli ya magari ina viungio vinavyoacha uchafu, hivyo iwe chaguo la mwisho.

Jiko hili hushindwa mara nyingi kuliko la gesi, lakini hushindwa kwa namna inayoonekana na kutengenezeka. Moto wa njano unaokohoa humaanisha tundu la kutolea mafuta limeanza kuziba, nalo huzibuliwa kwa pini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Pampu isiyosukuma kitu humaanisha kiwambo chake kimekauka, nacho hurudishiwa uhai kwa tone la mafuta. Anayelichagua jiko hili alifungue na kulifunga tena nyumbani hadi aweze kufanya hivyo akiwa amevaa glavu. Chupa ya mafuta isijazwe hadi mdomoni, kwa kuwa mafuta hutanuka na pampu inahitaji nafasi ya hewa.

Jiko la spiriti halina cha kuharibika: ni kikopo chenye matundu. Udhaifu wake uko kwenye nishati yenyewe. Kilo moja ya ethanoli hutoa takriban megajuli 27, ilhali ya butani hutoa takriban 46, kwa hiyo wepesi wa jiko hulipwa na uzito wa mafuta kadiri siku zinavyoongezeka. Upepo hulishinda kwa urahisi. Jambo la kuogopwa zaidi ni kwamba moto wake hauonekani mchana, na watu wameungua kwa kuongeza spiriti kwenye jiko walilodhani limezimika. Lisiongezwe mpaka lipoe kabisa na kuguswa. Maeneo mengi yenye hatari ya moto wa nyika hulipiga marufuku kwa kuwa halina koki ya kuzimia.

Msafiri wa siku mbili au tatu katika hali ya hewa ya wastani achukue gesi. Anayekaa kwenye theluji na kuyeyusha maji yote anayokunywa, au anayekwenda mbali na mahali yanapopatikana makopo, achukue mafuta. Spiriti inamfaa anayetembea peke yake na kuchemsha kikombe kimoja tu. Makopo ya gesi na mafuta ya jiko hayaruhusiwi kwenye ndege, hivyo anayeruka ahakikishe mapema atapata nini atakakofika. Jiko lolote kati ya haya lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa: hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, nayo huua mtu aliyelala.

Maji: chujio, vidonge au kuchemsha

Kuchemsha hakuna mshindani kwa uhakika. Maji yakichemka kwa nguvu dakika moja hutosha, na juu ya mita 2,000 dakika tatu, kwa kuwa kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzijoto moja kila mita 300. Njia hii hushindwa tu mafuta yanapokwisha, jambo ambalo kila mtu huliona likija.

Chujio la nyuzi zenye uwazi ndani kama mirija, lenye matundu ya mikroni 0.1 hadi 0.2, hutoa maji papo hapo na huzuia bakteria na protozoa, lakini virusi hupita. Kasoro yake kubwa ni kushindwa kimyakimya. Likiwa limeshatumika na likaganda, maji yaliyobaki ndani hupasua nyuzi, na chujio lililopasuka hutoa maji haraka vilevile bila dalili yoyote. Baridi inapokaribia kuganda, libebwe mfukoni mchana na lilazwe ndani ya mfuko wa kulalia usiku, likiganda litupwe. Kupungua kwa kasi, ambako huwatia watu wasiwasi, ni jambo dogo: ni tope, nalo huondolewa kwa kusukuma maji safi kinyumenyume. Maji machafu yaachwe yatuame na kupitishwa kwenye kitambaa kwanza.

Vidonge vya klorini daioksidi haviharibiki kwa kuanguka wala kwa baridi, na huua virusi. Vinachohitaji ni subira: *Cryptosporidium*, protozoa ambaye ganda lake ni gumu, huhitaji hadi saa nne, hasa maji yakiwa baridi au machafu. Iodini haimwezi kabisa kiumbe huyo, na haiwafai wajawazito wala wenye matatizo ya tezi. Hakuna njia kati ya hizi tatu inayoondoa kemikali za viwandani au za mashambani, kwa hiyo maji yanayoshukiwa kwa hilo yaachwe. Uamuzi wangu ni chujio kwa matumizi ya kila siku na vidonge vichache kwenye sanduku la huduma ya kwanza, kwa kuwa viwili hivyo havishindwi kwa sababu moja.

Hema, kwa ufupi

Hema la tabaka moja ni jepesi, lakini mvuke wa pumzi hugeuka matone kwenye ukuta uleule unaoguswa na mfuko wa kulalia. Penye unyevu, mwenye mfuko wa manyoya achague la tabaka mbili. Nailoni ina nguvu kwa uzito wake, ila hulegea inapolowa, na kamba zake zikazwe tena kabla ya kulala. Poliesta hailegei sana na hustahimili jua zaidi. Aina zote huharibiwa na kukunjwa zikiwa na maji, kwa sababu utando wa poliyurethani ambao mara nyingi hupakwa ndani huvunjwavunjwa na unyevu mpaka ukawa wa kunata na kunuka, na hauna tiba. Likikunjwa likiwa limelowa, litandazwe siku hiyohiyo ya kufika nyumbani.

Ufito uliovunjika ndilo tatizo la hema linalotengenezeka kwa urahisi kuliko yote, mradi kipande cha bomba kilichouzwa nalo hakikuachwa nyumbani. Huvishwa juu ya mahali palipovunjika na kufungwa kwa utepe wa gundi pande zote mbili. Kisipokuwapo, kigingi cha ziada kikilazwa sambamba na ufito na kufungwa kwa utepe uleule hufanya kazi hiyo hadi mwisho wa safari, ila kingo kali za ufito zizungushiwe utepe kwanza zisije zikalipasua turubai.